Mkia wa Datsun

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Jumamosi tarehe 10 Agosti 1996, alama za tairi zilikuwa zimeikata kwa mshazari njia ya changarawe kwenye kona ya kichuguu, na zilikuwa zimeishia ndani ya kichaka cha miiba. Abdihafid, fundi wa gari lililoziacha, alizipima kwa hatua, kisha akarudi akazipima kwa utepe, maana hatua ya mtu hurefuka kwa kadiri ya hasira yake. Mita thelathini na moja. Katika mita ishirini za mwisho, alama za magurudumu ya nyuma zilipita nje ya zile za mbele. Gari lilikuwa limetupa mkia.

Gari lenyewe, Datsun 160J nyeupe, lilisimama kando likiwa na mikwaruzo mipya mlangoni. Mwenye gari, Dekow, alikuwa ameketi juu ya boneti akichomoa mwiba kwenye mkono wa shati lake.

"Usinitazame hivyo," Dekow alisema. "Mimi sikufanya kitu. Gari ndilo lililotaka kurudi mjini kabla yangu."

"Uliingia kona kwa kasi gani?"

"Walaal, ndugu yangu, nikiangalia kasi, kona nitaiangalia kwa jicho gani?"

Abdihafid akaandika katika daftari lake: kasi haijulikani.

Nasteho, dada yake Dekow, alifika kutoka kwenye mstari wa kuanzia, saa ya michezo ya shule ikimning'inia shingoni. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya upili ya wasichana, na alikuwa ameiazima saa hiyo kwa barua. Hakumwuliza nduguye kama ameumia. Alikwisha msikia akizungumza.

"Nilisimamisha saa ulipopotea machoni," alisema. "Dakika tatu na sekunde nane. Niandike nini?"

"Andika mwiba, abaayo," Dekow alimjibu dada yake.

Njia hiyo ilikuwa mzunguko wa kilomita tisa, umbali wa kilomita nne kutoka Garissa. Ilichongwa na malori yaliyokuwa yakibeba changarawe, kisha yakaiacha. Chama kimoja cha waendesha magari ya mashindano kilikuwa kimeahidi kuleta watu wake tarehe 24 Agosti kuyapima magari ya huku. Atakayeumaliza mzunguko kwa dakika sita na sekunde arobaini, au chini ya hapo, angeandikwa kwenye mashindano ya Desemba. Atakayezidi angengoja mwaka ujao.

Dekow aliuza dawa za mifugo sokoni, na katika mambo yote mengine alikuwa mtu wa subira. Kwa gari hakuwa nayo. Rafiki yake mwenye karakana kubwa Nairobi alikwisha mpigia simu mara mbili akimtaka aipeleke hiyo Datsun kwa watu wanaojua kazi. Kwa hiyo yeye na Abdihafid walikubaliana, wakiwa wamesimama, kwa maneno machache: gari likifuzu, litabaki Galbet, mtaa wa karakana ya Abdihafid, mikononi mwake; lisipofuzu, Jumatatu ya tarehe 26 litapandishwa lori kwenda Nairobi.

Kwa Abdihafid jambo hilo lilikuwa zito kuliko alivyoonyesha. Alikuwa amesomea ufundi wa magari Mombasa kwa miaka mitatu, akarudi nyumbani na cheti, akakuta mji mzima una haja moja tu. Pikapu ya miraa, lori la maji la Dadaab, Land Rover ya ofisi, zote zililetwa na ombi lile lile: springi imelala, ongeza bamba. Kwa miaka saba alipanga bamba la chuma juu ya bamba la chuma mpaka magari yakawa magumu kama vitanda vya mawe, na wenyewe wakaondoka wakimshukuru. Datsun ilikuwa gari la kwanza kuingia karakana yake ambalo halikutakiwa kubeba kitu. Lilitakiwa kushika kona. Kila jioni, kabla ya kufunga lango, aliibonyeza pembe yake ya mbele kwa viganja viwili, akaiachia, na kuhesabu ilipanda na kushuka mara ngapi kabla ya kutulia. Mara moja na nusu. Hakumwambia mtu kwamba hesabu hiyo ilimpa usingizi mzuri.

Si kwamba ilianza hivyo. Kwanza Dekow alimpelekea gari Olow, jirani wa karakana ya pili, mtu wa makamo aliyeamini kwamba hakuna ugonjwa wa gari usioponywa na springi ngumu zaidi. Olow aliweka nyuma koili za pikapu. Mkia wa Datsun ukainuka juu, pua ikainama chini, na wapita njia wakasema Dekow amenunua fisi aliyegeuzwa. Lilipopita kwenye matuta madogo ya barabara ya Dadaab, lilirukaruka mpaka kioo cha taa kikadondoka.

Abdihafid alizitoa koili hizo na kuanza upya. Mbele na nyuma aliweka koili fupi zilizozidi ugumu wa kawaida kwa kiasi kidogo tu. Kazi ya koili ni kubeba gari. Kazi ya kuizuia isicheze ngoma ni ya shokapu, na hapo ndipo alipotumia muda mwingi. Alipata Nairobi shokapu nne za mashindano, nene, zenye skrubu ya kukazia na kulegezea. Alibadilisha bushi zote za mpira zilizopasuka. Aliweka mbele fimbo ya chuma inayoyaunganisha magurudumu mawili ili gari lisilale ubavu kwenye kona. Kisha akanyoosha magurudumu kwa uzi na chaki, akilala chini kwa saa tatu, huku Olow akiuliza kutoka ng'ambo kama ameanza ushonaji.

Matokeo yalikuwa katika daftari, na ndiyo yaliyomsumbua sasa. Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mwiba, yeye mwenyewe alilitoa gari karakana, akaweka dumu dogo la maji miguuni, akazunguka njia ile mara moja Nasteho akipima. Dakika sita na sekunde arobaini na tisa. Lakini Abdihafid aliendesha kama mtu aliyepakata mayai, na kila mtu alijua hivyo. Dekow alikuwa dereva hasa. Dekow alipaswa kupata sita na nusu. Badala yake Ijumaa asubuhi alipata saba na nne, na leo alipata kichaka.

"Saa ilikuwa mbovu Alhamisi," Dekow alisema.

"Saa ni hii hii," Nasteho akajibu.

"Basi gari linampenda fundi."

"Gari halipendi mtu," alisema Abdihafid. "Linapokea uzito, linautuma kwenye tairi. Basi."

"Wallahi, mwanamke utakayemwoa atapata raha."

Juma lililofuata Abdihafid alifanya kazi kwa utaratibu wake. Alibadilisha kitu kimoja kwa siku, hakubadilisha viwili. Jioni alilijaribu gari mwenyewe. Usiku Dekow akaenda nalo nyumbani. Asubuhi, kabla ya kufungua duka, Dekow akalijaribu. Jumapili alizikaza shokapu za nyuma mizunguko miwili: yeye 6:46, Dekow 7:09. Jumanne akazilegeza mitatu: yeye 6:50, Dekow 7:02, na mkia ukatoka mara mbili. Jumatano akapunguza upepo wa tairi za nyuma: yeye 6:47, Dekow akarudi bila kumaliza, akasema nyuma ya gari inayumba kama mtu aliyemeza kitu akajuta.

Alhamisi tarehe 15, saa mbili asubuhi, Abdihafid alilifunga daftari.

"Nimebadilisha kila kitu isipokuwa kimoja," alisema.

"Kipi?"

"Dereva."

 Dekow alichukua leso, akafuta vumbi usoni, akaikunja leso pande nne.

"Nimeendesha tangu nina miaka kumi na minne," alisema. "Nimeendesha Eldas hadi hapa wakati wa mvua, na ng'ombe mgonjwa kwenye kiti cha nyuma. Sawa. Haina haja ya kungoja tarehe 26. Jumatatu hii hii linakwenda Nairobi. Huko hawatasema dereva."

"Watasema," alisema Abdihafid. "Watasema baadaye tu."

"Nyamazeni wote wawili," Nasteho alisema, kwa sauti ile aliyoitumia darasani, wala haikuwa kubwa. "Fundi, unasema umepima kila kitu."

"Kila kitu."

"Umepimia wapi?"

"Karakana."

"Na gari linaanguka wapi?"

"Kwenye kona ya kichuguu."

"Sasa kwa nini unapimia Galbet?"

 Abdihafid alilifungua daftari tena, akaandika. Dekow alikubali kungoja hadi Jumamosi, kwa sharti kwamba neno dereva lisitajwe.

Ijumaa jioni, gari likiwa karakana bila mtu ndani, Abdihafid alipima urefu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Sentimita thelathini na nane, kushoto na kulia sawasawa. Jumamosi tarehe 17, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Dekow alifika kwenye mstari wa kuanzia, akashuka, na Abdihafid akapiga goti changaraweni akapima tena mahali pale pale. Sentimita thelathini na tano na nusu. Alihamia upande wa pili. Thelathini na tano na nusu.

"Zimepotea sentimita mbili na nusu tangu jana," alisema. "Umebeba nini?"

"Hakuna kitu."

"Mtu?"

"Nimekuja peke yangu, mimi na Bismillahi."

"Fungua buti."

Dekow akafungua. Ndani mlikuwa na sepetu, kamba, turubai lililokunjwa na madumu manne ya manjano. Abdihafid aliinua sepetu, akaikadiria kilo mbili. Akainua turubai: tatu. Akaishika kamba, akaiacha. Akafunga buti.

"Kweli," alisema. "Hakuna kitu."

Nasteho, aliyekuwa ameinama karibu naye akitazama, naye akatikisa kichwa kukubali.

Ilibaki sababu moja tu, nayo haikumpendeza: koili za nyuma zimechoka, zote mbili, kwa usiku mmoja. Hakuwahi kuona jambo hilo, lakini kutowahi kuona si ushahidi. Alisimamisha kando ya gurudumu kipande cha ubao, akakitia alama ya penseli mkabala na ukingo wa bodi, kisha akamwomba Dekow jeki. Jeki ilikaa chini ya sakafu ya buti, pamoja na gurudumu la akiba. Dekow akaanza kuyatoa madumu ili aifikie.

Dumu la kwanza lilipogusa ardhi, ukingo wa bodi ulipanda juu ya alama ya penseli.

"Rudisha," alisema Abdihafid.

"Nini?"

"Rudisha hilo dumu."

Dekow akalirudisha. Ukingo ukashuka hadi kwenye alama.

"Toa."

"Waryaa, unanifanyisha mazoezi ya jeshi?"

"Toa, tafadhali. Toa yote."

Dekow alitoa la pili, la tatu, la nne, akiyapanga kwenye kivuli cha gari. Abdihafid alipima. Sentimita thelathini na nane.  Mbali kidogo ngamia wanne walivuka njia, na mchungaji wao akainua fimbo kuwasalimu.

"Hayo ni nini?" Abdihafid aliuliza.

"Ni maji."

"Najua ni maji."

"Sasa unauliza nini?"

"Nilikuuliza umebeba nini."

"Ukaniuliza mzigo," alisema Dekow, na hakuwa akitania. "Maji si mzigo. Maji ni maji."

Abdihafid alikumbuka kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameangalia ndani ya buti ile na kuona sepetu. Huku, mtu anayetoka mjini bila maji, hata kama anakwenda kilomita nne, haitwi mzembe. Huulizwa kama ana homa. Madumu hujazwa nyumbani alfajiri pamoja na chai, na gari likipelekwa kwa fundi huteremshwa na kubaki uani, kwa maana hakuna safari ya kwenda kwa fundi. Alifungua ukurasa wa kwanza wa daftari, wa mwezi Juni, alipokuwa ameandika uzito wa kila kitu kitakachokuwamo garini: dereva, gurudumu la akiba, jeki, sepetu, petroli. Maji hayakuwamo. Hata lile dumu dogo alilokuwa akiweka miguuni mwake kila jioni hakuliandika.

Alichukua kalamu. Hadi kilo themanini, aliandika, nyuma kabisa ya ekseli, hazikuhesabiwa. Kosa ni la fundi.

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri kwa kuwa sasa alikuwa na ukweli wa kushika. Uzito ulioning'inia nyuma ya magurudumu ya nyuma huendelea na safari yake wakati pua ya gari imekwisha pinda. Ndio unaovuta mkia nje. Na kila alipolirekebisha gari likiwa tupu ili liwe jepesi zaidi kugeuka, alikuwa anaurahisishia uzito huo kazi yake. Akayatikisa madumu moja moja. Mawili yalikuwa yamejaa. Mawili yalikuwa nusu, kwa sababu njiani Dekow alikuwa amewapa wachungaji maji.

"Na haya ya nusu ndiyo mabaya zaidi," alisema. "Yanakwenda kulia wewe ukienda kushoto."

"Kwa hiyo si dereva," alisema Dekow.

"Si dereva."

"Sema tena, polepole. Nasteho, washa saa."

Hakuna aliyependekeza maji yaachwe nyumbani. Nasteho aliuliza mara moja tu, kwa ajili ya utaratibu, ni nani kati yao atakayekwenda kumweleza hooyo, mama yao, kwamba mwanawe ametoka mjini bila maji, na wote wawili wakatazama pengine.

"Basi yaingizwe kwenye hesabu," alisema. "Yakae wapi?"

Walirudi Galbet. Kiti cha nyuma cha Datsun kilikwisha ondolewa zamani, na nafasi ilikuwa pale, nyuma ya viti vya mbele, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Abdihafid alikuwa akiyafunga madumu hapo kwa mkanda wa nailoni, nao ukilegea kila alipousukuma, Olow alipovuka njia akiwa na kikombe cha chai. Aliulizia habari, akaelezwa yote na Dekow, ambaye hakuficha hata sehemu ya sepetu. Olow alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Miaka mitatu Mombasa!" alisema. "Hata ngamia hafungwi maji mkiani, fundi. Mtoto anajua hilo."

"Wewe uliweka koili za pikapu," alisema Abdihafid.

"Nilikosea koili. Maji sikukosea. Hukuniuliza maji."

"Nakuuliza sasa."

Hapo Olow akaacha kucheka. Alikuwa ameongoza ngamia wa baba yake kwa miaka kumi na mitano kabla ya kushika spana, na hakuna aliyewahi kumwuliza habari zao ndani ya karakana. Akauondoa mkanda wa nailoni. Akaagiza mkeka mkuukuu na kamba ya katani. Aliutandika mkeka, akaweka madumu mawili kulia na mawili kushoto, chini kabisa sakafuni, migongo ikitazamana, kisha akazipitisha kamba kwa namna ambayo kila dumu lililotaka kusogea lingelikaza jingine.

"Na yajazwe mpaka mdomoni," alisema. "Dumu nusu hutembea. Dumu lililojaa hukaa."

"Hivyo ndivyo nilivyosema," alisema Abdihafid.

"Ulisema baada ya kichaka."

Alasiri hiyo Abdihafid alilipima gari upya na maji yakiwa ndani: nyuma thelathini na saba, mbele chini kidogo kuliko kwanza. Alizirudisha shokapu za nyuma zilipokuwa mwanzo, kisha akazilegeza nusu mzunguko. Alinyoosha magurudumu tena kwa uzi na chaki. Jumanne asubuhi Dekow alizunguka kwa 6:44. Alirudi taratibu, akashuka, akalizunguka gari akilitazama kama mtu aliyebadilishiwa mke.

"Nyuma inanifuata," alisema. "Inanifuata kama mbuzi anayejua njia ya nyumbani."

"Punguzeni sekunde nne," alisema Nasteho. "Mbuzi baadaye."

Alhamisi alipata 6:41. Nasteho alikuwa amegawa njia katika vipande sita kwa mawe yaliyopakwa chokaa, na alionyesha kwamba kona zote sasa zilikuwa nzuri. Muda ulipotea kwenye kipande cha nne, njia iliyonyooka yenye vituta vidogo vidogo, ambako gari lilikuwa likiruka badala ya kukanyaga. Abdihafid akazilegeza shokapu za mbele robo mzunguko. Hakuruhusu jaribio jingine. Ijumaa gari lilipumzika.

Jumamosi tarehe 24 Agosti magari saba yalifika. Chama kilimtuma mkaguzi mmoja, Musembi, mtu wa Machakos mwenye kofia pana na ubao wa karatasi. Alikagua mikanda, breki na taa. Alipoifikia Datsun aliinama dirishani.

"Maji haya ni ya nini?"

"Ya kunywa," alisema Dekow.

"Lita themanini? Kijana, hayo ni mazito. Yatoe, utapata sekunde mbili tatu za bure. Nakusaidia tu."

Dekow alimgeukia Abdihafid. Sekunde mbili tatu zilikuwa nyingi, na Musembi alikuwa mtu wa mashindano tangu zamani. Abdihafid alifikiri. Kilo themanini zikitoka, gari litapanda juu mbele na nyuma, na shokapu zilizopimwa kwa maji zitakuwa zimelegea kwa gari tupu. Zaidi ya hapo, hakuwa na hata jaribio moja la gari tupu lililorekebishwa hivi. Alikuwa nayo mawili ya gari lenye maji.

"Yabaki," alisema. "Yamo kwenye hesabu."

"Fundi ni wewe. Lakini mimi—"

"Maji habana toa, mzee," Olow akaingilia kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nafunga, fundi nahesabu, gari nakubali. Habana toa."

Musembi alitia mkono ndani, akashika dumu moja, akalivuta kwa nguvu. Halikusogea hata upana wa ukucha. Akavuta jingine. Akaandika alama ya kukubali.

Datsun ilikuwa ya tano kuondoka. Saa tatu na dakika kumi na nane Musembi alishusha bendera. Abdihafid alisimama karibu na Nasteho kwenye mstari, mikono nyuma, akisikiliza. Injini ilifika kona ya kichuguu, ikashuka, ikapanda tena mara moja bila kusita. Ilipofika kwenye vituta, mlio wake ulibaki mmoja, haukukatika-katika. Nasteho alikuwa akitaja vipande kwa sauti ndogo, si kwa ajili ya mtu yeyote.

"Cha tatu, chini kwa sekunde moja. Cha nne, chini kwa mbili."

"Umeongeza chumvi?"

"Sijui kuongeza chumvi, fundi. Nafundisha kujumlisha."

Vumbi likatokea mwisho wa njia, kisha pua nyeupe, kisha gari zima likapita mstari, mkia ukiwa nyuma ya pua mahali pake. Nasteho aliikata saa. 6:37. Abdihafid aliiona namba, lakini saa ya Nasteho haikuwa ya kuhesabika siku hiyo. Alimwendea Musembi, akasimama hatua mbili kutoka ubaoni kwake, akangoja.

Musembi aliitazama saa yake, akaandika, akasoma alichoandika, kisha akaugeuza ubao ili Abdihafid aone. Dekow, Datsun 160J, Garissa: 6:38. Amefuzu. Chini yake akatia sahihi.

Olow alipiga kelele ambayo iliwafanya mbuzi wa karibu wakimbie. Dekow alishuka garini, akawakumbatia wote kwa zamu, pamoja na Musembi, aliyeshika kofia yake isianguke. Kisha akamwendea Abdihafid, akamtupia ufunguo.

"Lirudishe kwako," alisema. "Mimi nina duka la kufungua."

Abdihafid aliudaka ufunguo. Aliingia, akavuta kiti mbele kwa sababu miguu yake ilikuwa mifupi kuliko ya Dekow, akawasha, akaondoka taratibu kama mtu aliyepakata mayai. Saa tano kasoro dakika tano, Datsun iliingia lango la karakana ya Galbet.